Wimbo Uliokatwa na Taarifa ya Habari

Ilomba, Mbeya

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku hatujambo. Mvua imewahi, maharage yameota vizuri, na shangazi yako anakusalimu.

Umeniuliza kama ni vibaya kwenda kuisikiliza bendi mliyoipenda wewe na baba yako, maana sasa hayupo.

Miaka ya sabini, mimi na kaka yangu Ambakisye tulipenda bendi moja ya dansi. Tuliisikia redioni tu, na wimbo wetu ulikuwa ukikatwa na taarifa ya habari kabla gitaa halijachanganya. Kaka alimkemea msomaji wa habari kana kwamba anamsikia, "We dada, ngoja kidogo, dunia haikimbii!" Akafariki bila kuusikia mwisho wake.

Baadaye nikaolewa Iringa, na bendi ile ikaja huko kupiga bugi, yaani dansi la mchana. Nilikaa karibu na mlango ili nikishindwa nitoke. Wimbo wetu ulipofika pale pa kukatwa, nilishika mkoba nikingoja habari. Gitaa likachanganya, ukumbi mzima ukainuka. Mama mmoja akanicheka, "Dada, umekaa kama mkaguzi! Inuka." Nikainuka, nikacheza kama Ambakisye, bega moja juu, huku nikimsimulia moyoni jinsi wimbo unavyokwisha.

Nenda, mume wangu mdogo. Sikiliza mpaka mwisho, kisha uje uniimbie, maana baba yako kila wimbo alikuwa akiuachia njiani.

Bibi yako