Kondo la Nyuma na Zizi la Mama Mkwe

Yasmini, niko hospitali. Asubuhi nimetokwa damu nyingi, bila maumivu hata kidogo.

Wamenipima. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Nikishikwa uchungu tunaweza kufa wote. Napasuliwa leo.

Sasa msikie mama mkwe: "Damu isiyouma si kitu. Arudi kijijini Kerende azalie nyumbani, kondo tulizike nyuma ya zizi."

Zizi, Yasmini! ZIZI!

Na Mniko, mume mzima na ndevu zake, eti anamuuliza nesi kama tunaweza kusubiri wazee wakae kikao.

Nesi akamwambia, "Sawa. Waambie wachimbe mashimo matatu: la kondo, la mtoto na la mama."

Mniko kapewa fomu ya kukubali upasuaji. Kalamu kaishika tu. Nimemnyang'anya, nimesaini mwenyewe.