Nilituma Jeneza Kwenye Kundi la Ukoo

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba mkwe wangu anahama nyumbani kwangu, na mke wangu ameshasema akitoka baba yake na yeye anatoka, na haya yote yameletwa na picha moja tu ambayo nilikuwa naitoa kwenye simu kuipeleka kwenye kompyuta.

Mimi ni seremala, nina karakana yangu, na pembeni kuna kachumba kenye kompyuta na printa, kwa sababu michoro yangu naichora kwa penseli kwenye kipande cha ubao, naipiga picha, halafu naichapa kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani juu ya meza ya kazi, maana simu ikikaa mezani inaingia vumbi la msumeno na gundi, na nimeshaua mbili kwa namna hiyo. Shida ni kuitoa hiyo picha kwenye simu. Waya ninao, nikiuchomeka simu inachaji vizuri, halafu inaniuliza kama naruhusu kompyuta ione mafaili yangu, nami kila mara nabonyeza kataa, kwa kuwa nilisikia redioni kwamba wezi wa siku hizi wanaanza kwa kukuomba ruhusa, basi kompyuta inanifungulia folda tupu, nikajua waya ni mbovu. Nikabuni njia yangu: natuma picha kwenye kundi la ukoo wa mke wangu, ambalo hata kwenye kompyuta nimelifungua, naishusha huko, nachapa, kazi inaendelea. Wakwe walishazoea meza na makabati yangu, wengine husifia kabisa. Mke wangu alinionya. “Baba watoto,” alisema, “hili ni kundi la ukoo, siyo stoo ya karakana.” Nikacheka.

Sasa baba mkwe ametoka hospitali, mapafu yalimsumbua, na daktari anataka awe karibu na kliniki, kwa hiyo yuko kwetu. Ni mtu mrefu, ukoo mzima humwita Mlingoti, na kitanda chetu cha wageni kinamwishia kwenye vifundo vya miguu, nikaona haya, seremala mzima mkwe wangu analala miguu nje, nikaamua kumtengenezea kitanda cha kimo chake, tena asijue mpaka akione. Nikamvizia amelala mchana, nikaingia na tepu polepole, nikampima kuanzia utosini mpaka kisiginoni, na hapo ndipo dada mkubwa wa mke wangu akatokea mlangoni na kikombe cha chai, nami nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.

Kesho yake akaja mteja aliyefiwa, anataka jeneza la haraka, na marehemu wake naye alikuwa mrefu. Nikachora jeneza, nikachora na kitanda, nikapiga picha zote mbili na kuzituma kwenye kundi. Jeneza likapita, na vipimo vyake, na neno “haraka” chini yake. Kitanda kikakwama, mtandao ulikuwa wa kusuasua, na kabla hakijafika shemeji yule yule wa kikombe cha chai, ambaye ndiye msimamizi wa kundi, akaniondoa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba mkwe amekaa kitandani, simu yake mapajani. Hakunifokea, bora angenifokea. Alisema, “Mwanangu, ungenisubiri basi nimalize dawa.” Nikaeleza habari ya kitanda, lakini kitanda chenyewe hakipo, sijakata hata ubao mmoja, na shemeji anaapa kwamba aliniona kwa macho yake nikimpima baba yake usingizini. Kaka wa mke wangu ananishauri niseme simu iliibiwa na mwizi ndiye aliyetuma. Mshauri, mzee huyu nampenda, nilipokwenda kuposa ni yeye peke yake aliyenitetea wengine wakisema mtu wa maranda hana mbele wala nyuma. Nifanye nini, na hizi picha nizihamishe vipi?

Ni mimi, Seremala Mwenye Waya

*

Seremala,

Pole sana. Nimecheka kwanza, ndipo nikasikitika, na nakwambia mapema usije ukasikia kwa mwingine.

Tuanze na ushauri wa kaka wa mke wako, tuutupe. Mwizi anayeiba simu, kisha akakaa chini na kuchora jeneza kwa penseli, kwa mwandiko wako, juu ya ubao wako, mwizi huyo hata mimi ningependa kumwona. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ingeishia hapo hapo sebuleni. Dada wa mke wako naye usimnunie. Amemkuta mtu na tepu juu ya baba yake mgonjwa, akaambiwa anyamaze, kesho yake akaona jeneza. Ulitaka afikiri nini, kwamba unamshonea kanzu?

Waya wako hauna kosa, umeuhukumu bila kuusikiliza. Kompyuta yako mwenyewe uliikatalia kuona mafaili yako, wakwe ukawafungulia mlango. Onyo la redioni ni zuri, lakini linamhusu mgeni usiyemjua, siyo mashine mnayokaa nayo chumba kimoja. Chomeka waya, fungua kufuli la simu, maana simu iliyofungwa haioneshi kitu, na ikikuuliza, ruhusu, uchague kuhamisha mafaili. Folda itajaa. Ikibaki tupu hata hapo, basi waya huo ni wa kuchaji tu, zipo nyaya za namna hiyo. Mwambie muuza duka unataka wa kupitisha mafaili na aujaribu mbele yako. Siku umeusahau nyumbani, jitumie picha kwa barua pepe yako mwenyewe. Bluetooth nayo inafaa kwa mchoro mmoja, ila mzigo mkubwa utazeeka ukiusubiri. Na usifute kitu kwenye simu mpaka umekifungua kwenye kompyuta ukakiona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe mkuu wako alikuwa mke wako, ukamcheka.

Hayo ni ya karakana. Ya nyumbani ni mazito zaidi, maana mzee anaamini kwamba mtu ambaye yeye alimtetea siku ya posa sasa anamsubiri afe.

Mchoro wa kitanda bado uko kwenye simu yako, umekwama. Ipo njia ya kuuhamisha isiyotaka waya wala mtandao: inuka, nenda chumbani kwake, kaa kwenye ukingo wa kile kitanda kifupi, umpe simu mkononi. Shemeji yako awepo. Anza na samahani, maelezo yafuate. Ulimpima mgonjwa usingizini bila kumwambia, na zawadi ya kushtukiza haifai kwa mtu anayehesabu pumzi zake. Kisha mpe na tepu. Aseme mwenyewe anataka urefu gani na kichwa kiinuke kiasi gani, maana mapafu hayapendi kulala chali. Mtu anayechagua kitanda chake hana haraka ya kuondoka.

Ukitoka hapo nenda karakanani leo leo, meza za watu zisubiri. Kitanda kiingie ndani kabla ya Jumamosi, hata kama vanishi itakuja baadaye.

Na mzee akishajinyoosha, miguu yote miwili ikiwa ndani, mpige picha, kwa ruhusa yake safari hii. Mpe shemeji yako aitume kwenye kundi la ukoo. Katika picha zako zote, hiyo ndiyo ya kwanza yenye haki ya kupita huko.