Wimbo Ambao Haukupitishwa Garini

Detroit, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Lavelle,

Pokea salamu za dada yako, ambaye ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yenyewe hulalamika kila theluji inapokaribia, kama mzee wa kanisa aliyenyimwa kiti cha mbele. Natumaini huko Alabama presha yako imetulia na unameza dawa bila kungoja kukaripiwa. Mipekani ya babu, ile miti ya njugu, imezaa mwaka huu? Shangazi Ozella bado anakuletea mboga na kukaa mpaka uile yote? Na lile gari lako la zamani, Buick, bado unaliwasha kila Jumapili ili lisife? Hapa mtaani Fenkell tunasukuma siku. Waliohamia nyumba ya Mama ni vijana wapole. Wameupaka mlango rangi ya chungwa, na nimejitahidi kuwasamehe.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunikata kwa mzaha, nami leo sitaki kuchekeshwa. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua kwamba kila Ijumaa mimi na Tavion, mtoto wa marehemu Dorsey kinyozi, tunatoa orodha ya nyimbo kwenye mtandao. Tunaiita Chini ya Barafu. Humo hawaingii mastaa. Wanaingia marapa ambao redio haiwajui, wa hapa, wa Flint, wa Buffalo, wa popote penye baridi na watu wenye la kusema. Si orodha kubwa, ila wanaoifuata wanaiamini. Kuna binti mmoja wa Toledo anayechana kama anayebishana na hakimu, na watu wanamjua leo kwa sababu sisi tulimsikia kwanza. Kwa hilo nilikuwa natembea kifua mbele.

Lakini kaka, ungejua uchafu unaotuzunguka! Siku hizi kuna orodha ya hip-hop ya kuoshea vyombo. Kuna ya kusomea mtihani. Kuna ya kumlaza mtoto, naapa. Muziki uliozaliwa ili jirani agonge ukuta, sasa unatungwa ili mtu asiusikie. Kiitikio kimeletwa mwanzoni kwa hofu kwamba msikilizaji atakimbia, na biti zote zina joto moja, kama supu ya hospitali. Na hao wanaojiita wachaguzi hawachagui kitu, wanapanga mito kwenye kochi. Nimewakosoa kwa maandishi mara nyingi, na wao wananiita bibi mwenye hasira. Sawa. Bibi mwenye hasira ana masikio.

Masikio hayo uliyafundisha wewe. Kanuni yetu kwenye Chini ya Barafu ni ile ile yako: wimbo haupiti mpaka upite garini. Ulikuwa unaingiza kaseti kwenye Buick, unapandisha vioo, tunatoka Fenkell mpaka mtoni, na atakayefungua mdomo kabla ya kuona maji anashushwa na kurudi kwa miguu. Ulimshusha hata Cleavon, tena kwa wimbo wake mwenyewe, kwa sababu alianza kujisifu tulipofika barabara ya Livernois. Nakumbuka alivyobaki kando ya barabara amejishika mbavu kwa kucheka. Mwenzako wa kuchana, aliyekuwa kama mtoto wa tatu wa Mama, aliyerekodi mistari yake yote jikoni kwetu kwa sababu kwao kulikuwa na mbwa.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tisa nilitumbukia na gari kwenye shimo la barabara, likavunjika mpaka ungedhani limelipuliwa, na fundi akakaa nalo. Katika siku hizo hizo akatuletea wimbo mtu aliyejiita Mzee wa Fenkell. Nikaufungulia kwenye simu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nami naosha vyombo. Ndiyo, vyombo. Cheka.

Niliacha maji yakimwagika. Ilikuwa sauti ya mtu wa makamo, ya kukwaruza, isiyomwomba mtu radhi. Alichana juu ya mama anayemwekea mwanawe sahani ya makaroni ya jibini kila Jumapili ilhali mwana amechelewa njiani. Nilihisi naifahamu sauti ile, nikadhani ndivyo wimbo mzuri unavyofanya. Sikungoja gari. Niliuweka wa kwanza kwenye orodha, nikaandika kwamba hatimaye mji huu umempata shahidi wake. Watu wakaufuata kama nzi. Orodha nyingine zikaunyakua, hata ile ya kuoshea vyombo, na nikajivuna.

Gari liliporudi, theluji imeshaanza, niliuweka kwa furaha tu, si kwa kuupima. Nikapandisha vioo. Kabla ya Livernois, chini kabisa ya besi, mahali ambapo spika ya simu haifiki, nikasikia kitu kinagonga. Mara mbili, kisha kinakohoa. Kinanyamaza. Kinagonga tena mara mbili, kinakohoa.

Lavelle, ilikuwa friji ya Mama. Ile ya kijani, uliyoipa jina la Mjomba Festus kwa sababu ya kikohozi chake.

Nikaegesha mbele ya duka la hotidogi, nikarudia wimbo. Nilipokwisha kuisikia friji, sauti nayo ikavua koti. Alikuwa Cleavon. Alitutoka akiwa na miaka ishirini na sita, na sasa alikuwa anakwaruza kama mtu wa hamsini. Kuna mtu aliyelisha mashine ya akili bandia kaseti za jikoni kwetu, mashine ikajifunza koo lake, ikalizeesha, ikalitia maneno. Mtu amemzeesha maiti, kaka. Nilifungua mlango nikatapika kwenye theluji, na kijana mmoja aliyekuwa anakula akaniambia, “Pole mama, hata mimi ile ya kitunguu hunikataa.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tavion nikimwambia tuufute. Hakushtuka. Alisema, “Anti, punguza presha. Nilijua ni mashine toka wiki ulipoletwa. Watu wanalia wakiusikiliza, sasa kosa liko wapi?” Nikamwambia hata kitunguu kinaliza watu, na hatujawahi kukiweka kwenye orodha. Nikamwambia baba yake angemwonea haya. Akajibu, “Mzee alikuwa ananyoa kichwa, Anti, hakuuliza nywele zimetoka wapi.” Nilicheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Wale wengine wanaouza mito nawadharau. Huyu nilimlea kwa masikio yangu mwenyewe, na kati ya aliye hai na aliyetengenezwa haoni tofauti yenye uzito. Niliondoka bila kuaga.

Ningeufuta siku ile ile kama Mama Earlene hangepiga simu. Mama yake Cleavon bado yuko pale pale mtaa wa Puritan, kaka, na bado anaendesha kwaya kwa jicho moja. Mpwa wake aliusikia wimbo saluni akampelekea. Nilimwendea na pai ya viazi vitamu, nikiwa nimejiandaa kumpa habari mbaya. Nilimkuta kwenye kiti chake, simu iko mapajani kama paka.

Hakuningoja nianze. Alisema, “Binti, usinifanye mjinga. Mwanangu nilimzika, hata soksi nilimchagulia mimi. Huyu si yeye. Cleavon hakugusa makaroni maisha yake yote, jibini ilimvimbisha uso. Huyu anakula makaroni kila Jumapili, mlafi mkubwa.” Tukacheka wote wawili. Kisha akaniambia kwamba katika nyumba ile hana sauti ya mwanawe hata ya kusema haloo. Alikuwa nayo kwenye mashine ya simu ya kupokea ujumbe, umeme ukakatika, ikafutika. “Mengine yote ya huyu mtu ni takataka,” alisema. “Lakini akifika pale anaposema ‘mama’, pale ni yeye. Kwa hiyo nangojea pale tu, halafu narudisha nyuma. Usiniondolee, mwanangu.”

Niliegemea mlango wake. Hana hata haloo. Miaka yote hii, hana hata haloo.

Kaseti za Cleavon hazikuwahi kuuzwa, hazikunakiliwa, hazikutoka jikoni kwa Mama ila kwenda sehemu moja. Ziko kwenye boksi la viatu, kwenye kabati lako, Alabama. Nililibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari siku uliyohama, ukanionya nisiliweke juani. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye friji ile ndani ya kanda. Mzee wa Fenkell ni wewe.

Najua utakachosema, nimeshakusikia nikiwa bafuni, jikoni, hata kanisani leo asubuhi. Utasema ulitaka asikike. Utasema alikufa bila mtu kumjua, na ulipopata njia uliitumia, na ulinipelekea mimi bila jina ili nimchague kwa haki. Basi niambie, aliyesikika ni nani? Aliyesikika ni mtu anayekula makaroni. Ulikuwa na mistari yake halisi, iliyotoka mdomoni mwake akiwa na njaa na mzima, ukaona haitoshi, ukamwandikia mingine. Na kinachonichefua kuliko mashine, kuliko Tavion, kuliko mito yote ya makochi yote, ni hili: uliona heri mashine isikilize kanda zile kabla ya mama yake.

Sasa na mimi nikuambie langu, ambalo sijamwambia mtu. Ijumaa, kabla ya kuufuta, niliusikiliza mara ya mwisho mpaka mtoni, vioo juu. Niliupenda. Nikijua kila kitu, friji na makaroni na boksi, bado niliupenda, na alipofika kwenye “mama” nilimwitikia kwa sauti. Najichukia kwa hilo. Ndiyo maana sikukuletea hasira za simu. Najua kilichokushika, kwa sababu kilinishika na mimi.

Nimeuondoa. Nimeandika kwenye orodha kwamba nilidanganyika na kwamba sikuupitisha garini. Wanaoniita bibi mwenye hasira wanafurahi tangu Ijumaa. Nafasi ya kwanza nimeiacha wazi. Mama Earlene nimemwambia kwamba wimbo umekwisha, na kwamba wewe unakuja. Aliuliza unakuja na nini. Nikasema, muulize mwenyewe.

Nisalimie Shangazi Ozella, mwambie sweta aliyonitumia imenitosha. Nisalimie mipekani. Huku mchungaji anakuulizia, na fundi wa gari naye, kwa sababu zake.

Njoo kabla ya Krismasi, kaka, na uje na Buick, maana humu mjini hakuna tena gari lenye mdomo wa kaseti. Boksi liwe kiti cha nyuma, lisipigwe jua. Mweke Mama Earlene kiti cha mbele, pandisha vioo, washa ile kanda ambayo mwanawe anakohoa pamoja na friji halafu anacheka, umpeleke mpaka mtoni. Usimweleze kitu. Usiombe radhi. Ukifungua mdomo kabla ya maji, utashuka urudi kwa miguu, na safari hii mwenye gari ni yeye.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, kwa kujilazimisha,

Vernetta