Nyumba Yetu Imehamia Ndosho kwa Chukudu

Goma, siku ya Mungu, kisha misa

Kwa muke wangu mupendwa, Mama Bahati,

Kama barua hii inakukuta umeinama mu shamba, simama kwanza, pangusa mikono, ikala. Uko namna gani? Mugongo ulipona? Bahati anakohoa tena, ao dawa ya masista ilimufaa? Na mudogo wake ameanza kutembea, ao anangojea nimufundishe miye, mwenye kuzunguka inchi muzima? Miye niko muzima kabisa. Nimenenepa hata, lakini usiambie watu, watasema ninakula peke yangu.

Sasa ambia katekista mwenye kukusomea asome pole pole, na baba yako asogeze kiti asikie vizuri. Tuko na nyumba. Si nyumba ya kulipia kila mwezi. Yetu! Mbao, mabati, mulango wenye kufuli, na parseli, kipande ya udongo, chini yake.

Sikusahau maneno uliyonitumia: «Sitaacha shamba yangu nikuje kulala mu chumba ya mutu.» Na baba yako aliongeza kama maharagi ikishavunwa na nyumba haiko, wewe na watoto mutabaki kwake, miye nikuwe mugeni wa Noeli tu. Maneno hiyo ilipanda na miye juu ya lori, ikashuka na miye, ikalala na miye. Leo ninaijibu.

Ile chumba ninayopanga kule Birere sikukuandikia ukweli wake. Kitanda ikiingia, mutu anatoka. Na mwenye nyumba, mama mumoja mukali, alikuwa anaangalia maji yake kuliko watoto wake.

«Papa Bahati, mugeni wako alioga na maji yangu?»

«Hapana, Mama. Alinawa uso tu.»

«Uso ya namna gani inamaliza ndoo muzima?»

Na kila wakati sukari inapanda bei, na chumba inapanda. Nikamuuliza: «Mama, kwani miye ninalala mu sukari?» Akacheka mupaka machozi, kisha akapandisha vilevile.

Kasereka, dereva wa lori yenye miye ninapakiza mizigo na watu, mutu wa Butembo mwenye kujua biashara, yeye anasema kununua ni upumbavu. Tulikuwa tunatoka Sake, watu wamejaa juu ya mifuko ya maharagi, akaanza kunihubiria kwa sauti: «Wewe konvwayeri, nyumba ya nini? Mupangaji ni mufalme. Mulima ukitoa moto, anakunja godoro, anakimbia. Mwenye nyumba anabaki kulilia mabati yake.»

Nikamujibu: «Mufalme gani huyo anayeomba ruhusa ya kuoga?» Lori yote ilicheka, na mama mumoja wa makabichi akanipigia mikono. Lakini sitakudanganya, Kasereka hakusema uongo wote. Birere, bomba ya maji iko kwa mulango, soko iko kwa pua. Ukichoka na jirani, unahama. Ukinunua, jirani ni kama ndugu, unabaki naye.

Nikanunua hata vile. Na hapa ucheke kidogo tu, ju miye nilishacheka kwa ajili yetu wawili.

Muzee mumoja, jina Sebahire, alikuwa anauza nyumba ya mbao Katindo, bei ya chini kabisa. Niliuza baiskeli. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu mu milima: nikapeleka mbuzi na kasikisi, pombe yetu ya ndizi, nikaita mashahidi wawili, Kasereka na mwalimu wa shule. Tukakunywa, tukapigiana mikono, muzee akanibariki na familia yangu yote. Kwetu, mutu akishakunywa kasikisi yako mbele ya watu, amekupa nyumba, shamba, migomba na njia ya kwenda mutoni. Nani kwetu amesikia nyumba bila udongo? Ni sawa kuuza ng'ombe bila miguu.

Kisha juma mbili, mwanaume mumoja mwenye koti akanikuta ninanyoa ndevu mbele ya mulango.

«Sitwayeni, weye ni nani?»

«Miye ndiye mwenye nyumba hii.»

«Vizuri sana. Na miye ndiye mwenye parseli. Utanilipa kila mwezi, ao utatoa nyumba yako juu ya udongo yangu?»

Mama Bahati, sabuni ilinikaukia mu uso. Nikakimbia kwa muzee Sebahire. Alikuwa anakula mbuzi yangu, sehemu ya mwisho, na hakuogopa hata kidogo. «Mutoto wangu, nilikuuzia nini?» «Nyumba, muzee.» «Na nyumba uliikuta?» «Niliikuta.» «Basi. Udongo hukuniuliza. Hapa ni mujini, kila kitu inauzwa peke yake.» Sikuona wapi nitamukamata. Hata mashahidi wangu walikubali: neno udongo halikutoka mu kinywa ya mutu.

Miye, mwenye kusimulia kila mutu namna nilifika Kisangani na Bukavu! Nililala siku ile mu nyumba yangu sawa mwizi. Kulipa udongo kila mwezi ni kupanga tena, ila sasa na mabati yako mwenyewe inavuja. Asubuhi nikaamua. Ile redio na ile saa ya mukono uliyoona Noeli, usiitafute tena. Niliiuza, sasa iko chini ya nyumba. Nilinunua parseli Ndosho, na mara hii niliuliza udongo mbele ya yote. Niliuliza mupaka shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa ule, akasema: «Papa, hata jiwe ni yako, hata nyasi, hata nyoka.» Karatasi iko na kashe, muhuri wa shefu, ninaiweka mu Biblia.

Siku ya posho, ile Jumamosi, kisha kazi ya salongo ya kusafisha barabara, tukavunja nyumba. Niliandika namba na makaa juu ya kila mbao, masomo yangu ya shule ya primaire ilipata kazi. Chukudu ine za kusukuma, magurudumu yao ya mbao inalia, zilibeba, miye mbele na mulango kichwani. Ungeniona! Barabara yote ilisimama. «Eh, Papa! Unahama na nyumba?» «Ndiyo! Konokono ni mudogo wangu!» Askari mumoja akatusimamisha, akauliza tunapeleka wapi mbao hizi. Nikamuambia: «Shefu, hizi si mbao, ni familia.» Akatupitisha.

Tukaisimamisha mbele ya jua kushuka. Ukuta mumoja tuliugeuza, namba sita ilifanana na tisa, kwa hiyo dirisha linaangalia choo ya jirani. Ni jirani mwema, anasalimia kutoka kule.

Sasa ubaya wake, ili baba yako asiseme nilificha. Maji ni mbali. Soko ni mbali, Ndosho watu wanasema ni pori. Na chini ni makoro tupu, yale mawe meusi ya volkano, hata jembe yako italia. Siku ya kwanza nilitafuta udongo wa kujaza kikombe, sikupata. Ndiyo maana kila safari ya Sake ninarudi na mufuko mumoja ya udongo mweusi. Kasereka ananitukana: «Watu wanauza udongo, weye unaubeba kama sukari!» Lakini hanikatazi. Sasa iko tuta moja ya mboga, refu sawa mukeka, na lengalenga imeota. Si shamba. Ile ya kwetu usiiuze, umuachie mudogo wako alime. Ila hii ni ya kuanza.

Salimia baba yako, umuambie mukwe wake amepata akili, hata kama ni kwa kuchelewa. Salimia mama yangu, umuambie kuna kona yake. Salimia kaka yangu mukubwa na ng'ombe zake, na mudogo wako mwanamuke. Katekista mwenye kusoma, asante kwa sauti yako.

Kuja na lori ya Kasereka kisha kuvuna. Ukiona haikufai, utarudi naye, sitakukatalia mbele ya baba yako. Lakini mu ile nyumba sijapika hata mara moja, ninakula kwa jirani. Mawe imejaa mupaka ninajikwaa, na mafika matatu ya kutegeshea chungu sijaweka, ju kwetu mwanaume haweki mafika. Nilikuachia nafasi kwa ukuta, nimeifagia. Kuja uchague mawe yako.

Miye muume wako, mwenye nyumba na udongo,
Papa Bahati