Salamu Niliyoikata

Mama,

Utanisamehe nimeanza bila salamu. Sijasahau adabu. Salamu nimeiweka mwisho wa barua, na wewe unajua sababu kuliko mtu yeyote.

Ni Darmi. Niko nyumbani Chechelesi, chumbani kwako, nimekalia ule mkeka uliotukataza kuutupa. Ni miezi mitatu sasa tangu utuache, na chuo kilifunguliwa wiki mbili zilizopita. Begi langu liko mlangoni. Kila asubuhi nalifunga, na kila jioni nalifungua nitoe mswaki.

Mama mdogo Tume amechukua nafasi yako sokoni. Maziwa ya ngamia yanaletwa kama kawaida, naye ananusa kila mtungi kabla ya kuupokea, kama ulivyomfundisha wewe. Ila juzi alipitiwa, akachanganya mtungi uliochacha na mizuri, maziwa yote yakaharibika. Alikaa chini pale pale akalia. Aliniambia baadaye kwamba halikuwa suala la maziwa.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokwambia naenda kusomea Kiingereza, na katika hicho Kiingereza nimechagua fonetiki? Uliuliza ni kitu gani. Nikakueleza kwamba ni namna sauti zinavyotoka mdomoni, na kwamba kuna kiimbo, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka mtu akiongea. Ukaweka kikombe chini. "Yaani unaenda mpaka Nairobi kufundishwa kuongea? Kwani hapa ulikuwa bubu?" Halafu ukaenda kuwatangazia wanawake wote wa maziwa kwamba binti yako anasomea sauti, na mpaka leo kuna mmoja anangoja kunisikia redioni.

Lakini kazi hiyo wewe uliijua kunishinda. Kwetu Waborana mtu akiulizwa nagaa, yaani kama kuna amani, anajibu nagaa. Hata kama ameacha mgonjwa nyumbani, hata kama ng'ombe wamekwisha kwa ukame, anajibu nagaa. Ataulizwa watu wa nyumbani, watoto, mifugo, mvua, na vyote atasema ni nagaa. Salamu ikiisha ndipo neno lililomleta linatolewa. Kwa hiyo maneno ya salamu hayakwambii kitu, ni lazima usikilize sauti. Mwaka wangu wa kwanza ulinipigia simu, nikajibu nagaa moja tu, ukauliza, "Hiyo homa iko siku ngapi?" Ilikuwa siku ya nne, na sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya mhadhiri, nangoja kuitwa kwa mtihani wa mdomo. Mtihani wa kiimbo, Mama. Simu ikalia. Ukasema, "Darmi, nagaa?" Nikasema nagaa. Ukauliza masomo, nikasema nagaa. Ukaanza kuwaulizia wasichana ninaokaa nao chumba kimoja, mmoja mmoja kwa majina, na macho yangu yako mlangoni. Nikakukata. Nikasema, "Mama, nagaa, kila kitu nagaa, niko na mtihani, nitakupigia jioni." Ukasema, "Haya." Nikakata simu.

Mle ndani mhadhiri aliniwekea rekodi ya Mwingereza akisema neno moja tu, akauliza sauti hiyo imefanya nini. Nikasema imeshuka, kisha ikainuka kidogo mwishoni. Akauliza maana yake. Nikamjibu bila kusita kwamba msemaji hajamaliza, kuna jambo amelibakiza. Alinisifu, Mama. Alisema nina sikio zuri, nami nikatoka pale natabasamu.

Jioni haikufika. Saa tisa mchana Mama mdogo Tume alipiga. Naye alianza na salamu, hakuruka hata moja, na kufikia nagaa ya pili nilikuwa nimeshajua. Safari hii sikumkata. Nilitamani aendelee kuuliza tu, aulize chuo kizima, aulize na watu nisiowajua.

Wanasema kifua kilikubana tangu siku iliyotangulia, hukumwambia mtu, ukaenda sokoni, ukapokea maziwa yako, ukarudi kujilaza. Nilipofika walikuwa wameshakuzika. Nimewauliza wote ulitaka kuniambia nini, hakuna anayejua. Pengine ulitaka niseme uende hospitali, maana mimi ulikuwa unanisikiliza hata pale ulipowakatalia wengine. Pengine ulitaka nije. Pengine ulitaka kuuliza kitu kidogo tu, kama funguo za kabati. Naomba iwe funguo, halafu najichukia kwa kuomba hivyo.

Na ile "Haya" yako sina. Simu haikurekodiwa. Nimeisema mimi mwenyewe mbele ya kompyuta mara nyingi, nikijaribu kuirudisha, na programu inanichorea mstari wa sauti, lakini mstari wenyewe ni wangu. Siku nyingine naikumbuka ikishuka tu, ya mtu aliyeridhika. Siku nyingine inainuka mwishoni. Sijui tena ipi ni yako na ipi nimeitunga. Halafu najiuliza vitabu vile vya Kiingereza vinajua nini kuhusu mwanamke wa Isiolo anaposema haya. Miaka mitatu nimesomea sauti, na siwezi kupata hata sekunde moja ya sauti yako. Sijui nifanye nini, Mama. Kweli sijui.

Mhadhiri ameniandikia kwa upole kwamba nafasi yangu ipo. Mama mdogo Tume anasema nirudi, kwa sababu mara ya kwanza ni wewe uliyenifungia begi. Basi nitaenda Jumatatu. Siwezi kukuahidi kwamba nitaweza kukaa darasani sauti zikichezwa. Ninachokuahidi ni kidogo: mtu akinisalimu, nitaipokea salamu yake mpaka mwisho, hata kama mlango umefunguliwa na naitwa kwa jina. Nimeshaanza. Juzi muuza miraa wa pale kona alinisalimu mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Kwaheri, Mama. Allah akurehemu, akupanulie kaburi lako. Sasa pokea ile salamu. Leo sina mtihani, na hakuna anayeniita.

Mama, nagaa? Huko uliko nagaa? Baba umemkuta nagaa? Wale waliokutangulia, uliowalilia, wote nagaa? Sisi huku nagaa. Mama mdogo Tume nagaa. Wanawake wa maziwa nagaa, wanakuulizia mpaka leo. Ngamia nagaa. Mvua haijanyesha, lakini nagaa. Wasichana wa chumbani kwangu, mmoja mmoja, nagaa. Mimi pia nagaa, na utasikia mwenyewe ninavyolisema.

Nimemaliza, Mama. Sasa niambie.

Darmi