Chupa ya Hortense Haizibwi

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeionja divai changa asubuhi. Tamu, ukakasi kidogo mwishoni, mapovu yanapanda hadi puani. Imekubali! Zabibu zangu, mikono yangu, goti langu la chuma. Fernand wa nyumba ya pili kanywa vikombe vitatu bila neno, na Fernand akinyamaza ujue umemshinda.

Jumapili nampelekea dada Hortense, mjini Ribeauvillé. Kwa baiskeli, kama baba. Chupa ya kwanza huenda kwa ndugu, na ndugu akiinywa, yaliyopita yamepita. Kwa miaka tisa nimempa Fernand aipeleke kwa gari, na kwa miaka tisa ilirudi imejaa. Yote kwa sababu baba aliniachia mimi mizabibu, yeye akapata saa ya ukutani.

Sibebi jozi, zile kokwa za ganda gumu, ingawa divai changa bila jozi ni nusu karamu. Hortense hazigusi, zinamwasha ulimi tangu utotoni. Zake nilikuwa nakula mimi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Fernand anasema mlima wa Hunawihr nitaikokota baiskeli. Atanisindikiza na ile yake ya umeme ajionee mwenyewe. Daktari kasema nisizidi kilomita tano. Ni kumi na mbili. Nimetia cheni mafuta. Tairi la nyuma jipya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niandike tu, hakuna wa kusoma. Nimedanganya hapo juu: mwaka jana chupa haikurudi. Ilipasuka jikoni kwa Hortense.

Divai changa haizibwi. Hapa Kientzheim hata mtoto wa miaka mitano anajua. Bado inapumua, ukikaza kizibo umetengeneza bomu. Unafunika mdomo kwa karatasi yenye matundu, unaibeba wima, basi. Kijiji kizima kilisema Fernand kazeeka, kaikaza ili isimwagike garini. Na mimi nikaitikia. Ndiyo, Fernand huyo.

Si Fernand. Niliikaza mimi. Nilichoka kurudishiwa, nikataka naye ashtuke mara moja. Kioo kilimkata kiganja, akashonwa nyuzi nne. Naona aibu hadi leo.

Jumapili, 6 Oktoba. Riquewihr, saa nne

Kilomita sita tayari! Chupa imo kwenye kapu la mbele, nimeizungushia sweta. Nilichora mstari wa kalamu pale divai ilipoishia — haijashuka hata unywele. Ila mawe ya barabara ya hapa! Niliteremka, nikaikumbatia chupa, nikamwachia Fernand baiskeli zote mbili. Watalii wananipiga picha. Mmoja kataka kuinunua. Nimemwambia ina mwenyewe.

Hunawihr, saa tano na nusu

NIMEPANDA! Sikushuka, sikukokota. Goti linalia kama mlango mkavu lakini limenifikisha. Mizabibu pande zote, mingine imeshavunwa, mingine bado, na mimi katikati natukana kwa sauti ili nipate pumzi.

Na Fernand? Betri imemfia katikati ya mlima! Nikampita anasukuma lile dude lake, jasho hadi kwenye masharubu. Nikamuuliza kama babu anataka kamba nimvute. Kasema ningoje nifike miaka sabini na mbili ndipo niongee. Hee! Nilicheka hadi karibu nianguke na chupa. Watu walikuwa wanatoka misa, wote wakageuka kuniangalia. Waangalie!

Alipofika tukakaa ukutani kwa kanisa. Nikamwambia. Yote, hadi kizibo. 

“Mwaka mzima wananiita mzee wa bomu,” akasema. “Nikaanza kuamini kweli niliikaza mimi.”

Nikamwomba radhi. Akasema radhi yake itangoja, nikamalize kwanza kule. Hatakuja. Lakini alinishikia baiskeli nipande, na chupa akaipanga vizuri kwenye kapu.

Ribeauvillé, karibu saa saba

Niko kwenye ngazi ya mlango wake. Daftari magotini.

Kafungua mwenyewe. Kazeeka, dada yangu. Nami pia, nadhani. Kovu liko palepale, linakata kiganja. Akaangalia chupa, akaangalia karatasi yenye matundu.

“Hii haijazibwa.”

“Haijazibwa, dada. Ile nyingine niliikaza mimi. Kusudi. Si Fernand.”

Nilidhani atanifungia mlango. Aliniangalia miguu, vumbi, goti lilivyovimba.

“Umekuja na baiskeli? Na goti hilo?”

“Hata Hunawihr sikushuka.”

Akachukua chupa. Kwa mikono miwili, wima, kama baba alivyotufundisha. Akaingia. Hakusema karibu, hakusema ondoka. Mlango kauacha wazi.

Dakika kumi sasa. Siingii bila kuitwa. Lakini nimefika! Kilomita kumi na mbili, na mstari wa kalamu uko palepale. Hata akiimwaga kwenye sinki, nimeifikisha.

Saa ya baba imegonga huko ndani. Kumbe anaitia ufunguo.

Kabati linafunguliwa. Glasi — moja au mbili, sijasikia vizuri. Ameanza kuvunja kitu mezani. Kak. Kimya. Kak.

Ni jozi. Anavunja jozi, na yeye hazigusi.