Madabodi Uliyoniachia Niichague

Baba Neema,

Imewaka.

Ningeanza na salamu, lakini salamu zitasubiri. Tangu asubuhi nimekaa, nimeinuka, nimefagia chumba kilichokwisha kufagiwa, nimekaa tena. Mashine yako iko mezani, pale pale chini ya dirisha ulipopima kwa shubiri zako, na skrini inaniuliza swali ambalo sijalijibu. Nimechukua kalamu nikuandikie kwanza. Ungekuwepo ungecheka: mwanamke ana kompyuta mbele yake, anaandika kwa mkono!

Nina hasira na wewe, acha niitoe ndipo nipumue. Mtu gani hununua kasha, pawa saplai, prosesa, RAM, diski, kibodi na skrini, halafu anaacha madabodi iwe ya mwisho? Ule ubao unaovishika vyote! "Hiyo nitaichagua nikitoka Geita, Mama Neema. Hiyo haitaki haraka." Ukaenda kutengeneza pampu za maji za wachimbaji, na ukuta wa duara, lile shimo lao la dhahabu, ukakushukia ukiwa chini na spana mkononi. Wenzako walikufukua kwa majembe na kwa mikono. Ulirudi nyumbani. Madabodi haikuja.

Hayo unayajua. Acha nikueleze ya baadaye.

Tulipoanua matanga, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyako ili kila mmoja apate cha kukukumbukia. Nguo ziliisha upesi. Vikabaki vile vipande kwenye kreti ya soda. Nikasema jamani, hicho ni kitu kimoja. Mjomba wako akavitazama, akaniambia kwa upole kabisa, "Mkwe wetu, kitu kimoja mbona kimetawanyika?" Wakagawa. Kasha likaenda Songwa kwa kaka yako. Prosesa akapewa shangazi, kwa kuwa uliwahi kumwambia kwamba ule ndio ubongo. Na zile RAM mbili, ili pasiwe na manung'uniko, moja wakampa mama yako, moja mdogo wako Lugembe. Haki tupu! Kumbe wewe ulinifundisha kwamba RAM za aina ile lazima ziingie jozi, moja peke yake haiamshi kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila sikuwa na nguvu za kubishana na watu waliokuwa wakikulilia.

Mimi nikabaki na vilivyobaki na chumba cha mbele. Na hicho chumba Lugembe alikuwa akikitaka kwa biashara yake ya mahindi, tena magunia alishaanza kuyaingiza. Si mtu mbaya, unamjua, naye ana watoto. Akaniambia mbele ya mama, "Shemeji, hiyo mashine ikiwaka kabla ya mvua, chumba chako, chapa barua mpaka uzeeke. Isipowaka, niachie." Nikakubali. Ofisi ya kuchapa hapa Nyahanga uliiota kwa ajili yangu, na mimi nimechoka kugonga taipureta ya watu.

Basi nikaanza kuzunguka. Songwa nilikuta kuku analalia mayai ndani ya kasha lako, na kaka yako akaniomba nisubiri vifaranga vitoke. Nilisubiri, Baba Neema. Mimi, ambaye hata chai siisubiri ipoe! Shangazi alikuwa ameifunga prosesa kwenye pindo la kanga. Alilala nayo, akaenda nayo kanisani, pini moja ilikuwa imepinda. Akalifungua fundo taratibu, akaniwekea kiganjani. "Ng'wanawane, mwanangu, nenda kairudishe kichwani kwake." Nililia njia nzima mpaka nyumbani Kahama. RAM ya mama ilikuwa ndani ya Biblia. Ya Lugembe aliileta mwenyewe bila kuombwa, na hilo nataka ulijue.

Kisha mimi na Lugembe tukaenda Shinyanga mjini, kwa Karimbhai, yule muuza redio aliyekuuzia vipande vingi. Sikwenda kumweleza kwa mdomo. Ulikuwa ukisema, "Madabodi hainunuliwi kwa maneno, nenda na vitakavyokaa juu yake." Nikavitia vyote kwenye beseni, nikavifunika kanga, Lugembe akajitwika kasha. Karimbhai akanipa pole, akafuta kaunta, akaweka madabodi mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, imo kwenye boksi lake. "Shemeji, chukua hiyo twende," Lugembe akaniambia, "mchagua jembe si mkulima." Na mkono wangu ulishaanza kuiendea, sikufichi. Nilitaka yaishe. Lakini nikatoa prosesa yako: ni ya mraba, ina pini chini, na pale palikuwa na mfereji mrefu wa zile za kisasa zinazochomekwa kama kaseti. RAM zako zilipwaya kwenye nafasi zake. Pawa saplai yako ina plagi mbili, yenyewe inataka moja pana. Hata matundu ya skrubu hayakukutana na ya kasha. Ilikuwa nzuri kweli, na haikuwa na nafasi ya kitu chako hata kimoja. Ningeichukua ningekuwa na kompyuta, na wewe ungebaki kwenye beseni.

Ya pili ilikuwa kuukuu, imetolewa kwenye ofisi fulani iliyofungwa, imejaa vumbi. Ilikuwa na tundu la mraba na kishikio pembeni. Karimbhai akainyoosha ile pini kwa sindano, nami nikainua kishikio. Prosesa ikashuka yenyewe, bila kusukumwa. RAM zikaingia zote mbili. Nikasema ni hii. Karimbhai akanionya, "Mama, betri yake ya saa imekufa, na mimi sina nyingine mpaka iletwe kutoka Mwanza." Wakati huo sikuona ubaya wa saa.

Leo asubuhi nimeifunga. Nimefanya kila kitu kwa sauti yako. "Volti isome mgongoni mwa prosesa, usikisie." Nikasoma, nikahamisha vile vijipini vya kupangia volti kama ilivyochapwa kwenye ubao. "Plagi mbili za pawa, nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukikosea, umeua." Nikachomeka, nikachomoa, nikaangalia, nikachomeka tena. Mama yako amekaa mlangoni na Neema mapajani, Lugembe amesimama mikono nyuma kama yuko mahakamani. Nikawasha. Feni ikazunguka, ukatoka mlio mmoja mfupi, maandishi meupe yakapanda. Lugembe akasema "Wabeja," sijui alimshukuru nani, akaanza kutoa magunia yake nje bila kuambiwa. Chumba ni chetu.

Ningetulia sasa, sivyo? Siwezi. Betri imekufa, kwa hiyo mashine haijui leo ni lini. Imerudi Januari ya mwaka juzi, inataka niikubali tarehe hiyo au niibadilishe. Januari ile, Baba Neema! Neema alikuwa anaota meno, halali, na wewe ukambeba mgongoni kwa kanga yangu mchana kweupe. Majirani wakakucheka. "Mgongo ni wangu," ukawajibu, ukaenda naye mpaka dukani. Mashine inasema ni wakati huo. Inasema Geita hujaenda. Nimeikodolea macho mpaka yameniuma, na hicho ndicho kilichonifanya nifagie chumba mara ya pili.

Ngoja.

Nimerudi. Nimefanya. Nilianza na mwezi: kila bonyezo, mwezi mmoja. Februari, Machi, mpaka Oktoba, mwezi wetu huu, na miezi yote hiyo ulikuwa hai. Ukabaki mwaka. Nikabonyeza mara moja tu, na ukawa umeshakufa. Haikusimama hata kidogo kwenye siku ya duara, Baba Neema. Iliruka tu.

Nikabonyeza tena, ikawa leo.

Sasa zile salamu. Mama mzima, anasema mashine ina joto zuri la kukaushia kuni. Neema anakuamkia, siku hizi shikamoo anaisema yote, haikati. Betri haijafika. Mpaka ije, kila nikizima mashine itasahau, na kila asubuhi itarudi Januari ile, wewe ukiwa na mtoto mgongoni. Nitatamani kuiacha huko, najijua. Nakuahidi sitaiacha. Mtu atakuwa amesimama mlangoni na barua yake anayotaka ichapwe, na barua lazima iwe na tarehe ya kweli.

Pumzika, mume wangu. Kesho itaniuliza tena leo ni lini, nami nitaiambia.

Mama Neema